Mwongo wa kwenye gemu hafanani na waongo wetu

Leo hakuna video, ni kusoma tu. Hii stori nikiiweka kwa kamera nitaanza kucheka, na si ya kucheka.

Nilitapeliwa 3,500. Nilikuwa mwaka wa kwanza chuo, karo imekwama, nikaona linki kwa grupu ya WhatsApp: ufadhili wa masomo kwa watoto wa wakulima wa chai. Nembo ipo. Picha ya msichana amevaa gauni la mahafali ipo. Chini imeandikwa zimebaki nafasi 14. Nikatuma "ada ya usajili" mbio mbio. Hiyo pesa ilitoka kwa bonasi ya mamangu, mwanamke anayeamka saa kumi na moja kuchuna majani chai na mvua yote ya huku Litein. Jioni hiyo hiyo nambari ilikuwa imezimwa.

Chuo niliacha muhula uliofuata. Si kwa sababu ya hiyo 3,500 pekee, lakini hadi leo nikisikia neno ufadhili tumbo linakaza.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba simu ilikuwa mkononi. Baadaye niliandika ile nambari kwa Google, nikakuta watu wawili wakilia juu yake, wametapeliwa kabla yangu. Kazi ya sekunde kumi! Lakini miaka 12 ya shule nilifundishwa kukariri jibu, si kulitafuta.

Ndiyo maana nilipomkuta dadangu wa Gredi ya 6 akicheza gemu kwa simu ya mama, sikumnyang'anya. Ilikuwa Interland. Ni ya Google, ilitoka 2017, ni ya bure. Kuna sehemu inaitwa Reality River: unavuka mto kwa kujibu maswali, unaamua ni nini cha kuaminika na nini ni mtego, na kuna tapeli anakuvizia majini. Alivuka mto wote. Nikajiambia, huyu hatatapeliwa kama mimi.

Wiki moja baadaye akaja mbio. Kuna ujumbe kwa simu ya mama: kampuni ya chai inaajiri watu 300, jaza fomu, tuma 500 ya kushughulikia faili. "Tumjazie mama?" Nikamuuliza, si wewe ulivuka ule mto? Akaniangalia kama mimi ndiye mjinga. "Lakini hii ni ya Kiswahili. Na imetumwa na anti."

Hapo ndipo nilielewa shida iko wapi.

Tapeli wa kwenye gemu anaongea Kiingereza na ukimwona tu unajua ni tapeli. Wetu hawako hivyo. Uongo wa huku unaletwa na anti, na mzee wa kanisa, na sauti ya Kipsigis imesambazwa mara mia kwa grupu ya ukoo. Anayekutumia anakupenda. Yeye mwenyewe amedanganywa.

Sisemi hizi gemu ni mbaya. Nazipenda sana. Kuna nyingine inaitwa Bad News, ilitengenezwa 2018 na watafiti wa Cambridge na wenzao wa Uholanzi. Hiyo wewe ndiye mwongo. Unapata wafuasi kwa kuchochea hasira na kujifanya mtu mkubwa, na ukimaliza unajua mbinu zao kutoka ndani. Uzuri wa gemu ni kwamba ukikosea unapoteza pointi. Mimi nilipoteza bonasi ya mama.

Pia usiniambie shida ni vifaa pekee. Laptopu za wanafunzi ziliahidiwa kwa kampeni za 2013, tableti zikaanza kufika shule za msingi 2016, na zilizosambazwa nchini zilipita milioni moja. CBC nayo imeweka ujuzi wa kidijitali kwenye umahiri wake wa msingi. Sawa. Lakini kujua kubonyeza si kujua kutafuta. Mimi nilibonyeza ile linki vizuri kabisa.

Kwa hivyo mimi na dadangu tulitengeneza gemu yetu. Inaitwa Kweli ama Porojo. Haina picha zinazoruka, ni skrinshoti tu.

Raundi ya kwanza: jumbe tano kutoka kwa magrupu ya familia, zingine za kweli, zingine porojo. Kusema "hii ni uongo" hakukupi pointi. Unapata pointi ukionyesha ulikojua. Umetafuta nambari? Umefungua tovuti ya kampuni yenyewe? Wanasema ni serikali, mbona anwani haiishii na .go.ke?

Raundi ya pili ni picha. Unaiweka kwa Google Lens, unatafuta ilionekana wapi mara ya kwanza. Utashangaa picha ngapi za "jana" ni za miaka iliyopita, tena za nchi nyingine.

Raundi ya tatu ndiyo tamu. Ni swali moja kubwa. Letu lilikuwa: mbona bonasi ya huku Kericho na Bomet inakuwa chini kuliko ya Murang'a na Kirinyaga? Na sheria ni moja: ukisema "Google imesema," unatolewa pointi. Google si mtu. Nani ameandika, na lini? Hata lile jibu la AI linalokaa juu halihesabiki mpaka ufungue lilikotoka.

Dadangu alitafuta jioni mbili. Akarudi na habari za mnada wa Mombasa, kwamba chai ya huku na ya kule hazifikishi bei sawa, na kwamba gharama na madeni ya kiwanda hukatwa kabla mkulima hajaona kitu. Akamuuliza mama wakati wa chakula, kiwanda chetu kina deni ngapi? Mama akaweka kijiko chini. "Nani amekuambia hayo?" Akajibu, "Nimetafuta."

Manze, nilisisimka.

Najua mtasema bando ni ghali na simu nyumbani ni moja. Raundi ya kwanza unaweza kuanza na skrinshoti bila bando, utafute baadaye. Na simu moja ni poa, watoto wanabishana. Mtasema pia mtoto ataanza kushuku kila kitu. Hiyo ni hatari ya kweli, ndiyo maana lazima uchanganye na jumbe za kweli. Anayekataa zote anashindwa sawa na anayeamini zote.

Wewe unayesoma kompyuta chuo, mimi niliacha, wewe hujaacha. Tutengenezee hii kitu vizuri, iwe ya Kiswahili, ya Kipsigis, ya Ekegusii, icheze bila intaneti inapowezekana. Na wewe uliye nyumbani, wikendi hii chukua jumbe tano, keti na mdogo wako.

Halafu nitumieni porojo kali zaidi za magrupu yenu. Ya anti yangu tayari ninayo.