Watunzi, Mwacheni Bibi Kizee

Hadithi za zama za kale, zenye wafalme, majini na wachawi, zimerudi kwa kishindo. Vijana wetu wanaziandika, wanazitoa sura moja moja, na wasomaji wanagombania sura inayofuata. Nawapongeza kwa dhati. Kiswahili chenu kitamu, na mnajua kuikata hadithi pale pale msomaji anaposhika roho mkononi. Lakini ipo tabia moja imenichosha, na leo sitainyamazia: katika hadithi hizi mchawi ni bibi kizee. Mjane, anakaa peke yake mwisho wa kijiji, macho mekundu. Hana mtoto, hana mjukuu, hana hata jina. Mwishoni anachomwa moto, kijiji kinapiga vigelegele, mwana wa mfalme anaoa.

Hivi nyinyi hamna bibi?

Macho mekundu! Nani asiyejua yanakotoka? Nendeni vijijini Shinyanga, Geita au Mwanza, mwingie jikoni alfajiri. Mafiga matatu, kuni mbichi, na pale ambapo miti imekwisha huwashwa mavi makavu ya ng'ombe. Jiko halina dirisha. Bibi ameinama anapuliza, moshi unamrudia usoni, anafuta machozi kwa pindo la kanga, anapuliza tena mpaka uji wa wajukuu uchemke. Kazi hiyo ameifanya tangu alipokuwa mwali. Na kwa ajili ya macho hayo hayo, katika mikoa hiyo hiyo, vikongwe wamekatwa mapanga usiku, mwaka huu na mwaka ule.

Mtaniambia, mzee, haya yetu ni ya kubuni. Najua. Lakini yule anayekwenda kwa mpiga ramli na kuonyeshwa nyumba ya shangazi yake hakuanza kuamini siku ile. Alianza utotoni, alipohadithiwa mchawi ana sura gani. Mnaomhadithia sasa ni nyinyi.

Vukeni mpaka mwende Kilifi, Kenya. Huko zinazomponza mtu ni mvi. Mzee ana shamba, vijana wanataka kuliuza, na ghafla mzee amekuwa mchawi. Ganze kuna mahali panaitwa Kaya Godoma, wanakohifadhiwa wazee waliokimbia kuuawa. Fikirini hilo: mtu ana boma lake, amezaa, amelea, ameoza, na uzeeni analala ugenini kwa kuogopa damu yake mwenyewe. Wahenga hawakukosea waliposema kikulacho ki nguoni mwako. Wakasema tena, mbaazi ukikosa maua husingizia jua. Ng'ombe amekufa, ni bibi. Mtoto ana malaria, ni bibi. Duka limefilisika kwa sababu mwenye duka amelinywa lote, ni bibi huyo huyo. Sisi ni watu wa dini. Msikitini tumefundishwa kwamba pepo iko chini ya nyayo za mama, kanisani tumeamriwa kuwaheshimu baba na mama. Sina haja ya kuwahubiria lile mnalolijua.

Na msidhani haya ni ya weusi peke yao. Mwaka 1692, huko Salem, Marekani, watu 19 walinyongwa kwa kusingiziwa uchawi. Mmoja wao ni Rebecca Nurse, bibi wa miaka 71, mama wa watoto wanane. Wazee wa baraza kwanza walimwona hana hatia, kisha wakarudishwa wakafikiri upya. Akaulizwa jambo, asijibu, kwa kuwa masikio yake yalikuwa mazito. Ukimya huo ukamtia kitanzini. Lakini majirani 39 walikuwa wametia saini zao kumtetea, na watoto wake hawakumkana. Arthur Miller aliandika mchezo wa kuigiza juu ya kesi hizo, ukatoka 1953, na ndani yake Rebecca ni mtu mwenye jina, mume na heshima yake kijijini. Ndiyo maana anayeusoma anaumia.

Wala hatuhitaji kwenda mbali kujifunza. Shaaban Robert katika Adili na Nduguze, kitabu cha mwaka 1952, aliwageuza ndugu wawili wahasidi kuwa manyani, na Adili akalazimika kuwachapa kila usiku huku moyo unamuuma. Kwa nini unamuuma? Kwa sababu ni nduguze, na mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe. Naye C. G. Mung'ong'o, katika Mirathi ya Hatari ya mwaka 1977, hakuutafuta uchawi mwisho wa kijiji. Aliuweka ndani ya nyumba, baba akiukabidhi kwa mwanawe. Wazee wetu nao walisema mchawi mpe mwanao akulelee. Tazameni ujasiri wao! Unayemshuku humfukuzi, unampa mtoto mikononi, unamfunga kwa undugu, anabaki wa kwenu. Methali hiyo moja inatosha riwaya nzima.

Na hapa siwezi kupita bila kulisema la Sumbawanga. Kwenye nguzo za umeme mijini vimegongomelewa vibao: mganga kutoka Sumbawanga, mapenzi, kesi, kazi. Watunzi nao wamedakia, kila mchawi lazima atoke huko, au Gamboshi, au Pemba. Jamani! Rukwa, mkoa wenye hiyo Sumbawanga, ni miongoni mwa mikoa inayoilisha nchi hii mahindi. Pemba ni karafuu. Gamboshi ni kijiji cha wakulima na wafugaji huko Bariadi, kina watoto wanaokwenda shule na watakaoulizwa siku moja bwenini kwao ni wapi. Mnataka wajibu nini? Mtu kwao, na anayemfanya mtu apaonee haya kwao amemfanya mkiwa wakati wazazi wake wako hai.

Basi andikeni wachawi, siwakatazi. Andikeni misafara ya Unyamwezi, andikeni Majimaji, wekeni mizimu, vibwengo na majini mtakavyo. Ila huyo anayetuhumiwa mpeni mwana, mpeni mkwe anayemtaka na mkwe asiyemtaka. Tuonyesheni kikao cha ukoo siku anapotajwa, nani aliinamisha kichwa na nani alisimama upande wake, na shamba lake liligawiwa nani baadaye.

Nanyi wahariri, mswada ukiwafikia una bibi wa macho mekundu asiye na jina, mrudishieni mwenyewe. Mwambieni akaulize kwanza bibi yake mzaa baba na bibi yake mzaa mama waliitwa nani, waliolewa wakitokea kijiji gani, na walizika watoto wangapi. Akishayapata hayo, aianze upya sura ya kwanza.