Umefuta Wewe, Simu za Wenzio Je?

Desemba 3, 2023 tope la Mlima Hanang lilishuka Katesh, watu zaidi ya 80 wakafa. Kuna watu na majina yao mjini (siwataji, wanajijua) wakarusha klipu za wafiwa kutafuta kiki. Ukiwauliza, eti "tulishafuta".

Mmefuta wapi? Imeshazunguka magrupu ya WhatsApp, watu wamepiga skrinshoti. Mtoto wa Gendabi aliyebaki yatima atakua, ataandika Katesh kwenye Google, akutane na mama yake kwenye matope. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ipo, ila marehemu atalalamika kwa nani?

Na wewe unayesoma, bado unayo kwenye simu. Ya nini?