Mali Bila Daftari



Jumamosi iliyopita nilikwenda shambani kutazama mahindi, nikamkuta jirani yangu, mzee wa makamo ya baba yangu, amesimama ukingoni mwa kinamasi akiwatazama korongo wawili wenye taji. Baada ya kuamkiana akaniambia, "Karani, nilipokuwa nikichunga ng'ombe hapa, kong'ony walikuwa wakitaga katika majani haya kila mwaka, tena si jozi moja."

Nikamwuliza, "Walikuwa jozi ngapi, Mzee? Nao waliacha kutaga mwaka gani?"

Akacheka, akasema, "Wewe ndiwe mwenye kalamu. Nani aliyekuwa akiwaandika?"

Neno hilo lilinichoma. Kazi yangu ni kuandika: barua ziingiazo na zitokazo, mashamba, mipaka na madeni. Lakini kwa miaka yote niliyopita karibu na kinamasi kile, sikuandika hata ndege mmoja.

Wako waliofanya kazi hiyo kwa nchi nzima. Chama cha kuchunguza viumbe vya Afrika Mashariki kiliundwa Nairobi mwaka 1909, na hata leo kinaendelea kwa jina la Nature Kenya. Mwaka 1989 mabwana Adrian Lewis na Derek Pomeroy walitoa kitabu kikubwa cha ramani za ndege wa Kenya. Nchi iligawanywa katika vipande 228, kila kimoja kama kilomita 55 kwa 55, ikaonyeshwa kila ndege yuko kipande gani. Kisha mwaka 2013 ikaanzishwa kazi mpya iitwayo Kenya Bird Map, yenye vipande vidogo zaidi, kama kilomita 9 kwa 9. Mtu hukaa ndani ya kipande kimoja saa mbili au zaidi, akaandika kila aina ya ndege aliyoiona au kuisikia.

Lakini, ndugu msomaji, fahamu jambo moja. Kipande kisichokuwa na alama katika ramani si lazima kiwe hakina ndege. Huenda kikawa hakina mwandishi. Ajuaye haandiki, na aandikaye hukaa mbali. Mwaka 1909 Bwana A. C. Hollis aliandika katika kitabu chake ya kwamba kong'ony ni alama ya ukoo wa Moi miongoni mwa Wanandi. Basi habari ya ukoo ikahifadhiwa, bali hesabu ya viota vya kinamasi chetu imebaki katika kichwa cha mzee mmoja, nayo itazikwa pamoja naye.

Tena, kumwona ndege hakutoshi. Yafaa tujue kama anazaa. Mfugaji mwenye busara hajisifu kwa wingi wa ng'ombe wazee, hutazama ndama. Korongo huishi miaka mingi, na jozi moja yaweza kuonekana mahali pale pale kila msimu bila kulea kifaranga hata mmoja. Mpita njia atasema, "Korongo wapo," kumbe wanaokwisha ndio hao hao. Jike hutaga mayai mawili au matatu, mara chache manne, juu ya tandiko la majani ndani ya kinamasi, na wote wawili, dume na jike, huyaatamia kwa muda wa mwezi hivi. Tukichimba mitaro na kukausha maji, tumebomoa nyumba. Kwa sababu hiyo, na kwa kuibiwa mayai na vifaranga, korongo huyu alitiwa mwaka 2012 katika orodha ya ndege walio hatarini duniani.

Yuko na mwingine, mdogo, mwenye kifua cha manjano, ambaye wataalamu humwita Macronyx sharpei. Hapatikani popote duniani ila katika nyanda za juu za Kenya, penye majani mafupi yenye mashina mashina, na hapo chini ya shina ndipo ajengapo. Jembe likipita, hana pa kwenda.

Sisemi tuache kulima; watoto hula mahindi, hawali ndege. Nasema tuandike. Nunua daftari. Andika tarehe, mahali, aina ya ndege na idadi yake. Kama humjui kwa Kiswahili, andika jina la lugha ya kwenu. Ukimwona amebeba majani ya kujengea, au chakula mdomoni, au anafuatwa na vifaranga wasioweza kuruka, andika hayo pia, kwa maana ndiyo dalili za kuzaliana. Usikaribie kiota wala usishike mayai. Ndege akifukuzwa, kunguru na mbwa hawakawii. Wenye simu waweza kupeleka habari zao kwa hao wa Kenya Bird Map.

Jioni ile nilirudi kinamasini na daftari. Nikaandika: "Korongo wawili wakubwa. Kifaranga: hakuna." Mzee akaniomba nimsomee. Nikamsomea. Akanyamaza kitambo, kisha akasema, "Andika na wa zamani. Nitakutajia majina ya vinamasi vyote."

Tumefikia cha saba. Wahenga walisema kweli: mali bila daftari hupotea bila habari.