Moshi Una Ghorofa

Nimechoshwa na ramani za vidoa vyekundu. Kila kiangazi mtu huchukua picha ya mioto iliyopigwa na setelaiti, huizungushia Tunduma duara, kisha huandika kwamba hewa ya Songwe imechafuka. Imechafuka katika kimo gani?

Setelaiti inayotegemea mwanga wa jua hujumlisha moshi wote, tangu ardhini hadi juu, kama gunia moja. Mkulima wa Hasamba, wilayani Mbozi, havuti gunia zima; anavuta mita mbili za chini. Septemba, baridi ya jioni ikishuka, moshi wa mashamba yanayochomwa hutandaa juu ya mibuni kama shuka, na ukipanda kilima kidogo tu unautazama kwa juu. Kipima jua cha Mongu, Zambia, ambacho wengi wetu huazima takwimu zake, kiko zaidi ya kilomita 1,000 kutoka hapa, na jua likizama nacho hulala.

Leza haihitaji jua. Mwale wake ukigonga chembe na kurudi baada ya sehemu moja ya milioni ya sekunde, chembe hizo ziko mita 150. Setelaiti ya CALIPSO ilipima hivyo kutoka angani tangu 2006 hadi 2023. EarthCARE, nayo setelaiti yenye leza, ilirushwa Mei 2024. Ila doa la CALIPSO ardhini lilikuwa na upana wa mita 70 hivi, na lilirudia njia yake kila baada ya siku 16. Moshi wa Hasamba haungoji ratiba hiyo.

Kwa hiyo nadai leza ya ardhini, Mbozi, si Dar es Salaam. Wapinzani wangu husema mtambo ulioelekezwa juu huwa kipofu kwenye mita mia kadhaa za mwanzo, kwa kuwa darubini yake haijaudaka mwale wote. Kweli. Basi tuulaze! Uelekezwe pembeni, kutoka kilimani, upite juu ya mibuni.



Wale wanaotaka leza iamue ni nani anayechafua hewa zaidi, malori ya mpakani Tunduma au wachoma mashamba, wapunguze kiherehere. Vumbi itatutengea, kwa jinsi chembe zake zenye pembe zinavyoupinda mtetemo wa mwanga. Masizi ya dizeli na moshi wa majani ni jambo jingine: hapo tutahitaji karatasi ya chujio, maabara, na mtu wa kuibadilisha kila asubuhi.