Droni chini ya Uluguru: Kurusha ni rahisi, kibali ndiyo shughuli

Kifaa chenyewe kinaingia kwenye begi la mgongoni. Unakiwasha, unagusa simu, kinapaa. Ndani ya nusu saa kimeshapiga picha shamba ambalo bwana shamba angelizunguka kwa miguu asubuhi nzima.

Ila kwa kampuni changa ya Morogoro inayotaka kuuza huduma hiyo kwa wakulima, shughuli pevu iko kwenye makaratasi. Na makaratasi hayo yamezaa biashara nyingine pembeni: washauri wa vibali, watu wanaolipwa kumsaidia mwenye kampuni apite salama kwenye sheria za anga na za ulinzi.

Je, ni huduma ya maana au ni ushuru mwingine kwa kijana anayeanza? Jibu linategemea nini hasa kinachouzwa.

Kwa nini Morogoro

Ni mikoa michache nchini ambako kilimo, misitu na jeshi vinapakana kwa karibu kama hapa.

Upande mmoja kuna Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA), chini kabisa ya milima ya Uluguru. Kinatoa wahitimu wa kilimo, misitu na uhandisi kila mwaka. Kuna mashamba ya miwa Kilombero na Mtibwa, na mpunga wa Dakawa. Juu mlimani kuna Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Uluguru, zaidi ya hekta 24,000, chini ya Wakala wa Huduma za Misitu (TFS). Maji ya milima hiyo yanaingia mto Ruvu, na Ruvu ndiyo inayonywesha sehemu kubwa ya Dar es Salaam. Kujua msitu umekatwa wapi siyo jambo la watafiti peke yao.

Upande wa pili, mjini hapo hapo kuna Shirika la Mzinga, lililoanzishwa 1974 na lililo chini ya Wizara ya Ulinzi na Jeshi la Kujenga Taifa. Ni kiwanda cha risasi na zana. Ukielekea Dar es Salaam unakuta Ngerengere, kituo cha ndege za kijeshi.

Kwa hiyo anga ya Morogoro ina macho mengi. Droni ya kupima mahindi inaweza kuwa halali kabisa shambani, lakini upepo ukiisogeza, au rubani akikosea ramani, ikajikuta juu ya eneo la ulinzi. Sheria ya Usalama wa Taifa ya 1970 inakataza kupiga picha maeneo hayo bila ruhusa. Kamera ya droni haijui tofauti ya shamba na kiwanda cha risasi. Mwenye droni anatakiwa aijue.

Milango ya kubisha hodi

Wazo la kwamba ndege isiyo na rubani inahitaji ruhusa maalumu halikuanza na vifaa hivi vya kisasa. Mkataba wa Chicago wa 1944, ambao ndio msingi wa usafiri wa anga duniani, uliliweka kwenye ibara ya 8: ndege isiyo na rubani hairuki juu ya nchi nyingine bila idhini maalumu ya nchi hiyo.

Tanzania ilitunga kanuni zake za ndege zisizo na rubani mwaka 2018, chini ya Sheria ya Usafiri wa Anga. Msimamizi ni Mamlaka ya Usafiri wa Anga (TCAA). Lakini TCAA siyo mlango wa kwanza. Ridhaa ya Wizara ya Ulinzi inahitajika pia, na bila hiyo maombi hayafiki mbali.

Baada ya hapo milango inaendelea kulingana na kazi:

- Unataka kuruka ndani ya Mikumi au Milima ya Udzungwa? Unahitaji ruhusa ya TANAPA.
- Msitu wa hifadhi Uluguru? Unaonana na TFS.
- Unanyunyizia dawa shambani? Inaingia Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu (TPHPA), maana sasa unashughulika na sumu.
- Picha zako zinaonyesha watu na makazi yao? Kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023.
- Kifaa kimetoka nje? Forodha ya TRA inakusubiri bandarini au uwanja wa ndege.

Kila mlango una sababu yake. Tatizo ni kwamba mwombaji mmoja anabeba faili lile lile kwenye ofisi tofauti, na mpangilio ukikosewa anarudi mwanzo. Wengi wanakosea pale pale: wananunua kwanza, wanaomba baadaye. Kifaa kinafika, kinakwama forodhani, na msimu wa kilimo haumsubiri mtu.

Mlima nao una sheria zake

Kanuni zinaweka kikomo cha urefu wa futi 400 kutoka ardhini, kama mita 120. Kwenye tambarare za Kilombero hilo halina utata. Kwenye Uluguru ni hesabu nyingine.

Kilele cha Lupanga, kinachoonekana kutoka mjini, kina zaidi ya mita 2,100. Kimhandu, upande wa kusini, kinapita mita 2,600. Ukirusha droni kutoka ukingo wa mteremko na kuipeleka mbele bila kuishusha, ardhi chini yake inaporomoka. Kwenye skrini bado inasomeka mita 100 kutoka ulipoanzia, lakini ukweli iko mita 300 au 400 juu ya bonde. Umeshavunja kanuni bila kugusa kitu. Ongeza ukungu wa asubuhi unaoficha kifaa, wakati rubani anatakiwa akione kwa macho yake muda wote.

Ndiyo maana kitabu cha taratibu za urushaji, ambacho wengi wanakopi mtandaoni ili mradi maombi yakamilike, kinatakiwa kuandikwa kwa ajili ya eneo husika. Kilichoandikwa kwa mashamba ya nchi tambarare hakimsaidii mtu wa Mgeta.

Sheria za watu wa mbali

Kuna upande mwingine ambao kampuni nyingi zinaujua zikiwa zimeshachelewa. Droni na kamera zake ni bidhaa zenye matumizi mawili, ya kiraia na ya kijeshi. Vita vya Ukraine vimeonyesha dunia nzima jinsi kifaa cha dukani kinavyogeuka silaha.

Nchi zinazouza zimebana. China, ambako droni nyingi za kiraia zinatengenezwa, ilianza kudhibiti uuzaji nje wa baadhi ya droni na vipuri vyake tarehe 1 Septemba 2023. Umoja wa Ulaya una kanuni yake mpya ya bidhaa za matumizi mawili tangu 2021. Marekani ina orodha zake mbili, moja ya silaha na nyingine ya bidhaa za kiraia zinazoweza kutumika kivita.

Hii inamgusaje mtu wa Kihonda? Chukua kamera ya joto, ile inayoona mnyama au moto gizani. Inafaa sana kufuatilia moto wa msituni. Lakini kasi ya picha zake inaweza kubadili masharti: kamera nyingi za picha 9 kwa sekunde au pungufu zinauzwa kwa masharti mepesi, na zenye kasi zaidi zinadhibitiwa. Mnunuzi akichagua ile ya haraka kwa sababu tu "ni kali zaidi", anaweza kujikuta anadaiwa hati ya kueleza nani atakuwa mtumiaji wa mwisho na kwa kazi gani.

Hati hiyo ina uzito wa kisheria. Ukiandika ni ya kilimo, halafu ukaiuza au kuikodisha kwa mtu mwingine kwa kazi nyingine, umesema uongo kwa serikali ya nchi nyingine. Muuzaji akigundua, anaweza kukufungia biashara.

Mshauri anauza nini?

Mshauri mzuri anauza vitu vitatu: mpangilio, maandishi na tahadhari.

Mpangilio ni kujua ombi gani linatangulia. Maandishi ni kitabu cha taratibu, bima, sifa za rubani na maelezo ya kifaa yanayoeleweka na afisa asiye fundi. Tahadhari ni kumwambia mteja "hiki usinunue" kabla hela haijatoka. Mara nyingi hii ya tatu ndiyo yenye thamani kubwa kuliko zote.

Asichoweza kuuza ni kibali chenyewe. Uamuzi wa Wizara ya Ulinzi au TCAA hauko mfukoni mwa mtu yeyote. Anayekuja na maneno ya "nina mtu wangu pale, wiki moja tu" anauza kitu kingine, na kitu hicho kina jina kwenye Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007. Akikamatwa, anayebaki na jina kwenye fomu ni mwenye kampuni.

Hapa ndipo vishoka wanapopatia riziki. Pale ambapo mwombaji haoni faili lake limefika wapi, mtu anayedai analiona anakuwa na bei.

Nani anaumia

Kampuni kubwa ya miwa haiumii sana. Ina mwanasheria, ina ofisa wa ununuzi, inaweza kusubiri miezi. Mashirika ya kimataifa vilevile. Mwaka 2018, mradi wa DHL, GIZ na Wingcopter ulipeleka dawa kwa droni kutoka Mwanza hadi kisiwa cha Ukerewe, kilomita 60 kwa dakika 40. Zanzibar nayo ilipiga picha visiwa vyake kwa droni kuanzia 2016, ikitumia vijana wa chuo kikuu chake cha taifa, SUZA. Miradi yote miwili ilikuwa na serikali au wafadhili nyuma yake tangu mwanzo.

Anayeumia ni mhitimu wa SUA mwenye wazo na mkopo. Akilipa mshauri, mtaji unapungua. Asipolipa, anaweza kukosea na kupoteza kifaa. Akichoka, anarusha kimyakimya bila kibali. Hiyo ya mwisho ndiyo mbaya kuliko zote, hata kwa jeshi lenyewe: droni isiyosajiliwa haijulikani ni ya nani ikionekana karibu na Ngerengere.

Ina maana kurahisisha utaratibu kunaweza kuongeza usalama. Sheria ikipitika, watu wanajisajili, na asiyesajiliwa anaonekana haraka.

Kinachoweza kufanyika

Jirani Rwanda ilifungua anga yake mapema, na Zipline ilianza kupeleka damu hospitali huko mwaka 2016. Kenya ilipata kanuni zake za sasa mwaka 2020. Tanzania ina kanuni tayari. Kinachokosekana ni njia fupi kati ya ofisi na ofisi.

Mpango wa kuboresha mazingira ya biashara, maarufu kama Blueprint, ulikuja 2018 hiyo hiyo ukilenga mamlaka zinazogongana. Droni ni kipimo kizuri cha mpango huo: ombi moja mtandaoni, linalosomwa na TCAA na Wizara ya Ulinzi kwa pamoja, lenye muda wa mwisho wa kujibiwa. Hata jibu la "hapana" likija mapema linaokoa mtaji. Na kwa Morogoro, ramani ya wazi inayoonyesha wapi pa kuruka na wapi ni marufuku ingemaliza nusu ya maswali.

SUA nayo ina nafasi. Chuo kinachofundisha kusoma picha za droni kinaweza kufundisha kusoma kanuni zake, ili mhitimu atoke na vyote viwili. Mshauri angebaki kwa kazi ngumu kweli, siyo kwa kujaza fomu.

Mpaka hapo, anayetaka kuanza azingatie mambo manne. Omba kabla ya kununua. Muulize muuzaji kwa maandishi kama kifaa au kamera yake inadhibitiwa. Nenda TCAA mwenyewe walau mara moja, usikie masharti kwa masikio yako. Na mshauri akikuahidi kibali badala ya kazi, tafuta mwingine.