Vigari vya Waya Havina Katalogi

Waingereza wana mapenzi ya vichezeo vyao vya utotoni, tena mapenzi yasiyoona haya. Kiwanda cha Liverpool kilichotengeneza vigari vya Dinky, vilivyoanza kuuzwa kwa jina hilo 1934, kilifungwa Novemba 1979. Lakini hadi leo wako watu wazima, wenye wajukuu, wanaotafuta si vigari peke yake bali hata vile vitabu vya picha na bei walivyokuwa wakipata wateja dukani. Karatasi ya kutupwa imegeuka johari. Wamarekani nao wanazo katalogi za Krismasi za Sears, zilizoanza 1933.

Juzi nilikuwa Kangundo, huko Machakos, nikajiuliza: mtoto aliyekulia hapa atakumbuka kwa kitabu gani? Kichezeo chake hakikuwa na katalogi kwa kuwa hakikuuzwa.

Kigari cha waya huundwa. Mtoto huokota waya wa uzio, akaukunja ukawa bodi, akafunga viungo kwa vipande vya mpira wa ndani wa baiskeli. Magurudumu huyakata katika soli za ndara zilizochakaa, au hutumia vifuniko vya soda. Kisha hutia usukani wa waya mrefu unaomfika kifuani, apate kukiendesha huku akikimbia nyuma yake. Usukani ukizungushwa, magurudumu ya mbele hugeuka kweli, si kwa kudhania. Na aje mhandisi aseme hilo ni jambo dogo! Wala Wakamba mkono wa waya hawakuuokota njiani: wazee wao walisifika kwa mikufu ya nyaya nyembamba na kwa vigoda vilivyotiwa nakshi ya shaba. Kangundo ni nchi ya vilima na mikahawa, na kigari kisicho imara hakifiki bondeni.

Sisi wa pwani tusijione tuko kando. Zama zetu, mwalimu wa chuo akisharuhusu, tulikimbilia tiara, pia na vidau vya kuchonga. Dada zetu walishona wanasesere. Wala asitwambie mtu kwamba haya ni upuuzi usiostahiki wino. Imepokewa na Abu Daud kwamba Bibi Aisha, radhiallahu anha, alikuwa na farasi mwenye mbawa mbili za vitambaa kati ya wanasesere wake. Mtume, sallallahu alayhi wasallam, akamuuliza, farasi ana mbawa? Bibi Aisha akamkumbusha farasi wa Nabii Suleiman, naye Mtume akacheka hata magego yakaonekana. Waliokipokea kisa hicho na kukihifadhi hawakuona kichezeo cha mtoto kuwa kitu cha kupuuzwa.

Ukambani aliyeshika kalamu mapema ni mgeni. Gerhard Lindblom, Mswidi, alikuwa huko 1911 na 1912. Kitabu chake kikubwa juu ya Wakamba kikatoka 1920, na mwaka 1930 akatoa kijitabu cha michezo ya uzi wa vidoleni katika Afrika. Ahsante yake. Lakini yeye aliondoka kabla ya zama za ndara za mpira, na sioni sababu ya kungoja mgeni mwingine.

Kwani vifaa vyenyewe vinatoweka. Kimbo, iliyokuwa ikiuzwa katika mkebe wa bati, sasa huuzwa katika mkebe wa plastiki. Mifuko ya nailoni, ambayo watoto waliiviringisha na kuifunga kamba ikawa mpira, ilipigwa marufuku Kenya tarehe 28 Agosti 2017. Siililii mifuko ile, iliziba mitaro yetu na kuua mbuzi; lakini mpira ule umekwenda nayo.

Mtaala wa shule ulioenezwa nchi nzima 2019 unataka mtoto aunde vitu kwa mikono yake. Wazazi wengi wanalalamika kwamba kazi hiyo huwaangukia wao usiku, asubuhi mtoto akabeba kilichoundwa na baba. Basi walimu wa Kangundo wangewaita babu zao hawa watoto, waliokimbiza vigari miaka ya sitini na sabini, waje darasani na koleo. Kigari kiundwe mbele ya wanafunzi, picha zipigwe, urefu wa usukani uandikwe, na kila sehemu itajwe kwa Kikamba na kwa Kiswahili. Wa Lamu na Mombasa wafanye hivyo kwa vidau. Vikusanywe viwe kitabu, na mahali pa bei paachwe patupu.