Pasi ya siku au kadi ya nusu nauli katika milima ya Uswisi



Makala nyingi za utalii humshauri kila mgeni aendaye milima ya Uswisi anunue Swiss Travel Pass, yaani pasi inayomwezesha kupanda treni, mabasi na meli za ziwani bila kukata tiketi nyingine kwa siku alizolipia. Ushauri huo, ukitolewa bila kuuliza mgeni atalala wapi na atapanda mlima upi, humuumiza msafiri mwenye bajeti ndogo. Reli za milimani, ambazo nyingi hupanda kwa gurudumu la meno lishikalo reli ya katikati, hazifunikwi zote sawasawa: kwenye mlima Rigi, ambako reli ya namna hiyo ilianza mwaka 1871, mwenye pasi hupanda bure, lakini kuelekea Jungfraujoch, stesheni iliyo mita 3,454 juu ya usawa wa bahari, pasi humfikisha Wengen au Grindelwald tu, na kutoka hapo hupunguziwa asilimia 25. Kadi ya nusu nauli, ambayo hudumu mwezi mmoja, humpunguzia msafiri yuleyule asilimia 50 hadi juu kabisa. Kwa hiyo familia itakayokaa wiki nzima katika kijiji kimoja, ikipanda treni leo na kutembea kwa miguu kesho, aghalabu hufaidika zaidi na kadi hiyo, hasa kwa kuwa watoto wa miaka 6 hadi 15 husafiri bure pamoja na mzazi kwa kadi ya familia, ambayo haitozwi chochote ila lazima iombwe. Waandishi wa safari wanapaswa kuweka wazi hesabu hii, nauli kwa nauli, kabla ya kupendekeza pasi yoyote.

Msomaji